Muuaji Si Shemeji

Fundi viatu wa kibarazani pa maktaba, maarufu kama Gundi, alikuwa na msharasi mkali wa kutobolea ngozi, na mdomo mkali kuliko msharasi. Shule aliiachia darasa la nne, au shule ndiyo iliyomwachia yeye, inategemea nani anasimulia. Ukimsikiliza mwenyewe, waliagana kwa heshima. Lakini mwaka ule, mvi zikiwa zimeshamtambaa hadi masikioni, alisoma vitabu vitatu, na mtaa mzima ukakoma. Hubandikiwi soli mpaka uhubiriwe kurasa kwanza.

Maktaba ile ilikuwa na desturi yake. Mwisho wa mwaka vitabu vilivyochakaa hutiwa masandukuni vikauzwe kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu. Kabla ya hapo, kila mwanachama huweka kwenye meza ya mlangoni vitabu vilivyomkosha mwaka huo, pamoja na kikadi chenye neno lake. Kilichowekwa pale hakitupwi. Sharti ni moja tu: kiwe kamili.

Gundi akaingia na vyake kwapani, kifua mbele kama bwana harusi. Cha kwanza kilifundisha kuogelea, ingawa maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni. Cha pili kilihusu ufugaji wa nyuki, naye alikuwa bado yuko sura za mwanzo. Cha tatu ndicho kipenzi cha roho: tajiri kauawa usiku wa harusi yake, na inspekta mwenye kikohozi anamsaka muuaji. Hicho kilikuwa kitabu cha kwanza maishani mwake kukisoma mpaka mwisho. Tangu siku aliyokifunga, hata yeye alikuwa akikohoa kiinspekta.

Mkutubi aliitwa Mama Kimya, kwa sababu "shii" yake ingezima hata injini ya lori. Akakifungua kitabu cha tajiri kurasa za mwisho, akakunja uso.

Ilikuwa hivi. Kile cha tajiri na kile cha nyuki vilikuwa vimeachia kurasa, naye Mama Kimya mwenyewe ndiye aliyempa Gundi avishone, maana mtu anayeshona buti atashindwaje na karatasi? Gundi akavifumua vyote viwili juu ya benchi moja, huku akibishana na wateja habari za mpira. Akashona kwa uzi wa nta, mshono wa kudumu hadi wajukuu. Kisha ndipo akaanza kusoma.

"Fundi, hapa inspekta kawakusanya watu sebuleni. Anasema muuaji yumo humu humu. Nafunua ukurasa, nakuta nyuki."

"Ee. Hapo ndipo patamu."

"Patamu nini? Umeshona sura ya nyuki kwenye kitabu cha mauaji."

Moyo wa Gundi ulidondoka kama kisigino kibovu, ila uso wake haukupata habari. "Hebu isome hiyo sura, mama."

Mama Kimya akasoma: dume la nyuki likishampanda malkia, hufa papo hapo.

"Tajiri alikufa lini?"

"Usiku wa harusi."

"Alikuwa na nani?"

"Na mkewe."

Gundi akafumbata mikono. "Kesi imekwisha."

Mama Kimya akaificha midomo nyuma ya kiganja. Akafungua kile cha nyuki, na katikati ya mizinga akamkuta inspekta na pingu zake. "Muuaji ni shemeji wa marehemu. Amekiri mwenyewe, chupa ya sumu mkononi."

"Kapigwa huyo."

"Fundi."

"Kapigwa, akakiri. Shemeji yule namjua, nimeishi naye miezi. Hata chawa hawezi kumuua."

"Basi kumbe hata hujakimaliza kitabu," akasema Mama Kimya, kwa upole kabisa. "Fumua ushone upya. La sivyo kinakwenda sandukuni."

Neno hilo lilimchoma kuliko sindano. Hujamaliza. Walimu waliwahi kumwambia, kaka yake akamwambia alipotoroka gereji, na mkewe humwambia kila akitazama paa la jikoni lililoishia nusu. Yote hayo aliyameza. Hili halikumezeka.

"Sifumui," akasema. "Nimekimaliza. Nimekigombania kibarazani mpaka mteja akaondoka na kiatu kimoja. Mwandishi kamaliza chake, na mimi nimemaliza changu."

"Sharti ni kiwe kamili, fundi. Sikulitunga jana."

Gundi akachomoa uzi wa nta mfukoni. Akaviweka vitabu viwili mgongo kwa mgongo, akavizungushia uzi, akakaza lile fundo la buti la kutofunguka bila kisu.

"Haya, hesabu. Kurasa zote zimo. Sharti lako linataka ziwemo. Halisemi zikae wapi."

Mama Kimya akaligeukia sharti lililobandikwa ukutani, aliloliandika kwa mkono wake. Akalisoma. Akalirudia. Kisha akasogeza kitabu cha kuogelea pembeni, nafasi ikapatikana mezani.

"Na kikadi?"

Gundi akaandika taratibu, ulimi nje, herufi nene kama soli za tairi la lori: *Nimekisoma chote. Muuaji si shemeji.*

"Sasa umewaharibia wasomaji utamu wote."

"Mwenye ubishi anajua ninapokaa," akasema Gundi, akirudi kibarazani. "Aje na viatu vyake."