Mashine ya Oswaldi na Kibao Kilichotoweka

Oswaldi alizaliwa Laela, lakini ufundi aliupatia Zambia, kwenye klabu ya wafanyakazi wa mgodi, alikotengeneza taa, redio na majokofu kwa miaka kumi na miwili. Klabu ilipofungwa, meneja alimwambia achague kitu kimoja cha kuondoka nacho. Wenzake walibeba viti na feni. Yeye alichagua mashine ya mchezo iliyokuwa imekufa pembeni ya ukumbi: kabati refu lenye kioo kama cha televisheni, usukani mdogo, na tundu la kutumbukizia sarafu. Enzi za uhai wake, lori dogo jeupe lilikuwa likiruka mashimo kwenye kile kioo.

Mashine ya namna hiyo haikuwahi kuuzwa popote. Walioiunda walitengeneza tatu tu za majaribio, wakaleta moja klabuni waone watu wataipokeaje, kisha kampuni yao ikafa. Nyuma ya mlango wake mtu aliandika kwa wino: ya pili kati ya tatu.

Alirudi Sumbawanga mwaka 1982, akakaa mtaa wa Izia na mkewe Adela. Haukuwa wakati mzuri wa kumiliki kitu kisichoelezeka. Mwaka uliofuata msako wa wahujumu uchumi ulianza, na watu wakawa wanachukuliwa kwa katoni za sabuni tu. Mwenye kioo na nyaya angeitwaje? Mlanguzi, au jasusi. Basi Oswaldi aliifanyia kazi chumba cha ndani, dirisha kaliziba kwa gunia, mlango kautia kufuli.

Panya walikuwa wametafuna nyaya, akazibadilisha moja moja. Mbao za chini zilikuwa zimevimba kwa unyevu, akazikata na kuunga mninga. Kapasita alizichomoa kwenye redio mbovu ambazo wateja hawakurudi kuzichukua. Chuma cha kulehemu alikipasha kwenye jiko la mkaa, na moshi ukatafuta njia ya kutokea barazani.

"Harufu gani hii, mwanangu?" aliuliza Mzee Kalisti, balozi wa nyumba kumi, aliposimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Redio tu."

"Marahaba. Redio gani inanuka mwaka mzima?"

Oswaldi alicheka kidogo, asimkaribishe. Alimshuku Kalisti, alimshuku jirani aliyeazima ungo, lakini aliyemshuku kuliko wote ni Huseni mwenye duka. Siku moja Huseni alileta lehemu, akaiona mashine kabla Oswaldi hajawahi kuufunga mlango. Aliizunguka kimya, akasema, "Ikipona nitaleta jenereta yangu tuiwashe. Siku ukichoka nayo, niambie mimi kwanza." Maneno hayo ya mwisho yalimkaa Oswaldi kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, Oswaldi aliporudi kutoka Laela, alifungua kufuli na kukuta kibao cha kijani hakipo. Kibao hicho ndicho kilichokuwa ubongo wa mashine. Bila hicho, lililobaki ni kabati. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili, wake na wa Adela, lakini Adela, ambaye mashine aliiita "maiti yako", hakumjia akilini hata kidogo. Kilichomjia ni kwamba kufuli alilinunua dukani kwa Huseni. Nani ajuaye kama hakubaki na ufunguo wa tatu?

Hakumsubiri mkewe arudi kutoka kupura ulezi. Alikwenda dukani moja kwa moja.

"Huseni, nirudishie kibao changu! Mwizi wewe!"

Wateja waligeuka. Huseni aliweka kibaba chini taratibu. "Nenda nyumbani, Oswaldi. Leo si siku ya kupiga kelele."

Oswaldi aliyasikia hayo kama tishio. Alipofika nyumbani alikuta mgambo wanne uani pamoja na Mzee Kalisti, naye Adela amesimama na vumbi la ulezi nyweleni. Mgambo walisema wameambiwa kuna redio ya kupeleka habari nje ya nchi. Walifungua kabati, wakamulika ndani kwa tochi, wakaona nyaya zinaning'inia bila kushika kitu.

"Hili ni gofu," alisema mkubwa wao, akafunga mlango. Wakaondoka.

Adela alitumbukiza mkono kwenye kihenge cha ulezi, akatoa kibao kilichofungwa kwenye kanga. "Zaitun wa Huseni alikuja alfajiri. Mumewe alisikia dukani kwamba wanakuja. Ndiye aliyesema tutoe cha ndani."

"Kwa nini hukunisubiri uniambie?"

"Ungekuwepo ningekwambia. Nawe kwa nini hukuniuliza?"

Oswaldi aliketi kizingitini. Kesho yake alirudi dukani, akangoja wateja wajae, akaomba radhi kwa sauti ile ile aliyotukania. Huseni aliipokea kwa kutikisa kichwa. Jumapili alikuja na jenereta yake, kama alivyoahidi zamani; Oswaldi akarudisha kibao mahali pake, jenereta ikawashwa, na kioo kikatoa mwanga wa kibuluu. Lori jeupe likatokea. Adela akapiga kigelegele bila kujijua.

Kalisti aliitwa naye. Alishika usukani kwa mikono miwili, akazungumza bila kugeuza macho. "Niliyepeleka habari ni mimi. Mwaka mzima umenisimamisha mlangoni kama mgeni. Ningefikiri nini?"

Oswaldi alimvutia mzee kigoda, akamwambia akae.

Mashine ilibaki nyumbani kwao, na majirani waliicheza kila jenereta ilipopatikana. Huseni aliendelea kuazimisha jenereta yake, akimtuma Zaitun ailete. Yeye mwenyewe alimsalimu Oswaldi vizuri kila walipokutana njiani, lakini baada ya Jumapili ile hakuingia tena nyumbani mle, wala Oswaldi, aliyelikumbuka neno "mwizi", hakuthubutu kumuuliza sababu.