Sifuri Niliyoiweka Juu ya Rebero

Mimi ndiye yule bwana harusi aliyelowesha ukoo mzima wa wakwe zake kwa kutumia kompyuta, na kama kisa hiki mlikisikia Biryogo kwa mafundi wa suti, basi mjue kimetiwa chumvi, leo kisikieni kwa mhusika mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Kazi yangu hapa Kigali ni kutengeneza ramani za mvua (mama yangu kule Morogoro anawaambia watu kanisani kwamba mwanawe anaongea na mawingu). Rada inazunguka, inapiga mawimbi pande zote, halafu inaleta vipimo vilivyopangika kama spoku za baiskeli, karibu vimebanana, mbali vimeachana. Ramani haitaki spoku, inataka visanduku vya mraba vilivyolingana, kwa hiyo programu yangu inakipa kila kisanduku namba yake kwa kuuliza vipimo vya jirani, wa karibu anasikilizwa sana, wa mbali kidogo. Shida ni milima, na nchi hii Mungu hakuibania milima. Wimbi likigonga kilima, nyuma yake rada haioni kitu, visanduku vya huko vinakosa jirani wa kuuliza, vinabaki tupu, ramani inakuwa na matundu kama shati lililoliwa na mende. Wakubwa hawakuyapenda matundu. Nami, mtaalamu, nikaongeza mstari mmoja tu: palipo tupu, weka sifuri. Ramani ikapendeza, nikapigiwa makofi kikaoni, na hakuna aliyekumbuka (mimi wa kwanza) kwamba sifuri kwenye ramani ya mvua maana yake ni "hapa pakavu", wala si "hapa hatujui".

Ikafika siku ya gusaba, yaani siku ya kwenda kumwomba mchumba wangu Solange rasmi kwao, mteremko wa nyuma wa kilima cha Rebero. Wazee wangu watano walikuwa wamesafiri kwa basi toka Morogoro, miguu imewavimba, na kesho yake asubuhi walitakiwa kupanda basi kurudi. Baba yake Solange, Mzee Gaspard (amekulia Ngara, Kiswahili chake kinanishinda mimi), akanipigia simu mapema.

"Mwanangu, watu wa hema wako hapa getini. Mama yenu anasema litafunika maua yake, picha zitaharibika. Wewe ndiye mtu wa mvua. Walisimamishe au waende?"

Mtu mwenye akili angesema simamisheni. Mimi nikafungua kompyuta. Mvua kubwa inakuja toka magharibi, ikifika Rebero imekatika kwa mstari ulionyooka kama wa rula, halafu ng'ambo ya Rebero inaendelea. Mvua gani hiyo inayoruka nyumba ya wakwe? Mtoto wa darasa la tatu angeshtuka. Mimi nikaona ni baraka.

"Waende tu, Baba. Rebero ni sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa, Baba."

Hema likapakiwa likapelekwa kwenye harusi nyingine Kibagabaga, na huko, nasikia, watu walikula vizuri wakavu.

Saa nane mchana tumeketi kwenye bustani, wao upande ule, sisi upande huu, na katikati wasemaji wa familia mbili wanatupiana maneno, maana kwa desturi ya hapa binti hatolewi mpaka msemaji wao awasumbue wageni kwa maswali na mizaha hadi wajute kuja. Wa kwao alikuwa mzee mwembamba mwenye ulimi kama wembe.

"Huyu mutoto wenu anafanya kazi gani?"

Mjomba wangu akasimama, akakohoa (laiti angeendelea kukohoa), akasema kwa fahari, "Kijana wetu anajua mvua itanyesha wapi na saa ngapi."

Tone la kwanza likamwangukia kwenye kipara. Sitanii! La pili likaanguka kwenye karatasi yake, na la tatu sikuliona kwa sababu lilikuja na wenzake wote. "Mana we!" mashangazi wakamlilia Mungu, viti vya plastiki vichwani, mishanana yao ya sherehe imewaganda mwilini, na ng'ombe tuliyemleta wa mahari akakata kamba akapanda barazani, akasimama pale mkavu akitutazama.

Tukajazana gereji, watu zaidi ya mia. Shangazi mmoja akaanza kusema tuahirishe, tuje mwezi ujao. Wazee wangu wakaangalia miguu yao, nikajua hakuna mwezi ujao, basi lile hawapandi tena. Mzee Gaspard, maji yanamtiririka puani, akaniuliza kwa upole ule unaouma kuliko kofi, "Mwanangu, ile sifuri uliitoa wapi?"

Nikaeleza yote, kilima, kisanduku kitupu, mstari wangu mmoja.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui."

"Ndiyo, Baba."

"Na hujui, ukaandika hakuna."

Msemaji wao akainua fimbo. "Tuko na swali la mwisho, na binti anategemea jibu. Mvua hii itaisha saa ngapi?"

Mjomba akanifinya kiwiko niseme kitu cha kisomi. Na mkono, jamani, mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni unatafuta simu.

"Sijui," nikasema.

"Sema na nguvu, mabati yanapiga kelele!"

"SIJUI!"

"Haya," akasema, "sasa amekuwa mukwe. Mumutoe binti."

Vigelegele vikashinda mvua, na Solange akatoka akicheka mpaka wasimamizi wakamshika asianguke.

Ule mstari niliufuta Jumatatu, na nimeapa sitaandika tena sifuri mahali nisipoona, wakubwa wapende wasipende. Lakini kiapo changu nyumbani hakina soko. Mke wangu akitaka kuanika nguo anatoka nje, anatazama juu, anamuuliza mama jirani anayeuza nyanya, na mimi nimekaa mezani na rada ya nchi nzima mbele yangu, wala hanitupii jicho.