Bata Mzinga Katikati ya Litania

Katika vijiji vya bonde lile, mtu hakuzikwa bila chokaa ya Hermilo na sauti ya Gaudencia. Mume alichoma mawe tanuruni. Chokaa nyingine watu walichemshia mahindi, nyingine ilichora misalaba ya wafu. Mtu akifa, chokaa humwagwa sakafuni kwa umbo la msalaba, pale jeneza lilipolala. Watu husali mbele yake siku tisa, na siku ya tisa msalaba huinuliwa: kichwa kwanza, kisha mikono, mwisho miguu, mpaka vumbi lote limeingia katika kisanduku cha kupelekwa kaburini. Pasipo mtu wa kuongoza sala, msalaba hauinuki. Mtu huyo alikuwa Gaudencia.

Walikwenda pamoja, mume na gunia lake, mke na shela lake jeusi.

"Watu wakituona tunapita," Gaudencia alikuwa akisema, "hujishika paji la uso, kuona kama wana homa."

Shule hawakuiona. Kompyuta iliingia nyumbani kwa ajili ya binti yao, Nereida. Binti alipovuka mpaka kwenda kaskazini kutafuta kazi, aliiacha pale, kubwa, nzito, ikinguruma kama mashine ya kusaga. Kifua kilipoanza kumbana Gaudencia, Nereida alimwelekeza kwa simu namna ya kurekodi. Wasichana wapate kujifunza sala, mama alisema, maana yeye hatakuwapo daima.

Akarekodi litania nzima. Alipofika "Kikao cha hekima", Hermilo aliingia na mzigo wa kuni, bata mzinga wakimfuata.

"Hermilo! Funga mlango, bata mzinga wanaingia! Kwenu hamkuwa na milango?"

"Nimeufunga, bibie."

Akacheka kidogo, akakohoa, akaendelea: "Sababu ya furaha yetu."

Baada ya mazishi ya Gaudencia, Hermilo alikuwa akipasikiliza mahali pale. Sala alikuwa anazijua. Picha za mkewe alikuwa nazo ukutani. Lakini jina lake kinywani mwa Gaudencia lilibaki pale tu, duniani kote.

Mwaka haukwisha, kompyuta ikaanza kuzimika katikati ya sala. Nereida akatuma nyingine, nyembamba kama mkate wa mahindi. Hermilo akazifunga zote mbili katika blanketi, akazipandisha juu ya punda, akazipeleka kwa Leobardo, mwenye duka la kompyuta na nakala karibu na kanisa.

Hermilo na Gaudencia ndio waliomshika ubatizoni binti wa kwanza wa Leobardo. Watu waliobatiziana mtoto kule huitana kompadre, mwanamke komadre, na neno hilo limepita undugu. Ndugu unaweza kugombana naye ukapatana. Kompadre hugombani naye kabisa.

"Niachie zote, kompadre," Leobardo alisema. "Mafaili yatahama kama mtu anavyohama nyumba, na kuku wake na paka wake."

"Na bata mzinga?"

"Bata mzinga gani?"

"Kuna mahali marehemu ananigombeza kwa ajili ya bata mzinga. Hapo ndipo ninapopataka."

Leobardo akacheka, akampiga begani. "Na bata mzinga pia watahama, kompadre. Hatabaki hata mmoja."

Jumapili Hermilo akaenda kuchukua. Ile ya zamani hakuiona.

"Nimeikongoa vipuri," Leobardo alisema. "Ilikuwa maiti ile. Ungeifanyia nini?"

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake, akafungua kama alivyoonyeshwa. Sauti ikatoka safi, kama mtu yuko chumbani. Kikao cha hekima. Sababu ya furaha yetu. Akadhani amesinzia. Akairudisha. Kikao cha hekima. Sababu ya furaha yetu. Hapakuwa na mlango wala kikohozi.

Asubuhi alikuwa dukani.

"Nimeisafisha, kompadre!" Leobardo alisema kabla hajaulizwa. "Kelele zote nimeondoa. Sasa ni sauti ya redio kabisa. Hiyo ni zawadi yangu kwa marehemu komadre."

Zawadi hairudishwi. Hermilo akavua kofia, akashukuru. Njiani akamtetea Leobardo moyoni mwake: mtu wa vyombo yule, anapenda vitu visafi, hakujua. Akamtetea mpaka akafika nyumbani. Kesho yake akamtetea tena.

Mvua zilipokatika, akafa mchinja nguruwe wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Hermilo akapeleka chokaa. Siku ya tisa akarudi, kwa kuwa mwenye chokaa hualikwa msalaba unapoinuliwa. Mjane, Doña Ubalda, alimpokea mlangoni na kikombe cha chokoleti ya moto.

"Nani anaongoza sala?" Hermilo aliuliza.

"Nani tena, don Hermilo? Doña Gaudencia!" Mjane akamshika mkono. "Mungu akulipe kwa kuruhusu. Don Leobardo ametuambia umembariki. Tumempata kwa bahati tu, maana kila kijiji kinamkodi siku hizi."

Hermilo akashusha kikombe.

Ndani, kwenye kiti cha mwongoza sala, palikuwa na spika. Juu ya spika pametandikwa shela jeusi, mfano wa lile la Gaudencia. Leobardo alikuwa amechuchumaa pembeni, anafunga nyaya. Alipomwona akainuka haraka.

"Kompadre! Hukuniambia unakuja."

"Twende nje."

Wakasimama uani, kwenye masufuria ya tamale, mikate ya mahindi iliyopikwa kwa mvuke.

"Ni kwa faida ya wafu," Leobardo alianza. "Sauti kama ile iwe yako peke yako na kuku wako? Na fungu lako ningekuletea, kompadre, naapa."

"Sikuulizi fungu. Ile yenye mlango unayo?"

"Mlango gani?"

"Ananigombeza. Nilikuambia."

Leobardo akatazama masufuria. "Sasa, kompadre, bata mzinga katika msiba wa watu? Wangecheka. Nilikata."

"Uliweka kando?"

"Nilifuta."

"Ulisema watahama."

"Nilidhani unatania."

Mwanamke aliyekuwa akipakua tamale aliacha mwiko sufuriani. Hermilo akavua kofia. Akaingia ndani, akakaa nyuma, kofia magotini.

Msalaba ukaanza kuinuliwa. Wasimamizi wakapiga magoti, wakakusanya chokaa ya kichwa kwa ua na kipande cha karatasi. Gaudencia akasali. Watu wakaitikia "Utuombee", wengine wakilia, maana aliwasalia wazazi wao kwa sauti ileile. Wakakusanya mkono wa kulia. Wa kushoto.

"Kikao cha hekima," Gaudencia alisema.

"Utuombee."

"Nimeufunga, bibie," Hermilo alisema kwa sauti.

Watu wakageuka. Spika ikaendelea na sababu ya furaha yetu, na hakuna aliyeitikia. Mtu mmoja alicheka kwa pua, akakatizwa na mjane: "Mwacheni! Anasema na mkewe."

Leobardo alikuwa ameinamia nyaya zake, masikio yamewiva.

Chokaa ya miguu ilipoingia kisandukuni, Hermilo alitoka kumfungua punda. Leobardo akamfuata.

"Umenitia aibu mbele ya watu, kompadre. Na wewe unajua sisi hatugombani."

"Sigombani."

"Basi niambie neno."

Hermilo akakaza kamba ya tandiko. "Jioni njema, bwana Leobardo."

Si kompadre. Bwana. Kama mgeni aliyeuliza njia.

"Na binti je?" Leobardo alipaza sauti kwa nyuma. "Binti uliyemshika ubatizoni?"

"Binti ni wangu. Aje atakapo."

Alifika kwake jua halijazama bado. Akafungua ile nyembamba, akaiweka mezani, akaiacha isali. Akatoka kuchukua kuni, akarudi na mzigo begani. Mlango akauacha wazi.

Bata mzinga wakaingia. Mmoja akapanda kitini, mwingine akadonoa punje chini ya meza. Wakazunguka chumba chote, wakachafua sakafu. Litania ikafika Kikao cha hekima, ikapita.

Hermilo alisimama na kuni zake, akingoja agombezwe.