Mnara nilioulinda mi

Bila mi, kilima chetu hiki cha Gitega kisingekuwa na mtu hata mmoja!

Leo wageni wametoka Muyinga kumposa mpwa wangu. Nikawapeleka kwenye ukuta wa udongo tuliojengewa wakati wa vita, na mnara wake.

"Huko juu nililinda mi, na filimbi. Hakufa mtu."

Mama wa kijana akaugusa ukuta.

"Tulijificha humu kabla ya kuhamia Muyinga. Mlinzi alikuwa kaka yangu. Alipuliza filimbi mpaka wavamizi wakamuua. We ulikuwa wapi, baba?"

Bia ya posa haikuguswa. Mpwa wangu akainama.

Mngekuwa nyinyi mngejibu nini?

Nilikuwa kambi ya wakimbizi Tanzania, jamani. Na mi hata ngazi ya kuchumia avoka naiogopa.