Mama mkwe, viazi vya kwenye chupa na ndoo ya jirani: yaliyonikuta Kondoa

Habari za Jumapili wakuu,

Siku zote nasoma nyuzi za wenzangu kimya kimya, leo nashusha wa kwangu. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe.

Mimi ni Mgogo wa Chamwino, nafanya kazi kwenye lab moja hapa Dodoma mjini. Kazi yangu ni tissue culture.

Kwa lugha nyepesi: unachukua ncha ya chipukizi la kiazi, kipande kidogo kuliko punje ya uwele, unakipanda kwenye chupa yenye chakula cha mmea kilichoganda kama jeli. Usafi wake ni balaa, hata kupiga chafya ni kesi. Ile ncha ugonjwa huwa haujaifikia, na miche ikitoka tunaipima tena. Halafu inahamia kwenye banda la neti, inazaa viazi vidogo vidogo. Hivyo ndivyo mbegu.

Sasa twende Kondoa.

Mke wangu ni Mrangi wa kule milimani. Mama yake kasomesha watoto wote kwa viazi, lakini misimu ya karibuni shamba lilikuwa linanyauka likiwa bado kijani kabisa. Nilikata shina moja nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji, ukashuka uzi mweupe kama maziwa. Waliowahi kulia na mnyauko wanaujua huo uzi. Na ugonjwa wenyewe unasafiri na mbegu.

Mama akasema anajaribu msimu mmoja tu. Ukifa na huo, anakodisha shamba, anakuja kukaa kwetu mjini. Mke wangu alilia. Anamjua mama yake, kumfungia kwenye geti la mjini ni kumnyong'onyeza.

Nikajifunga kibwebwe. Nikapanda kwao na mbegu za lab.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hizi ndizo mbegu, au umeniletea gololi?"

Nikamweleza kila kitu: tupande shamba la juu ambalo halijawahi kuona kiazi, majembe tuyaoshe, na mbegu nyingine isiingie hata moja. Akaitikia sawa baba, sawa baba.

Kumbe kule kijijini kwa mama kuna utaratibu wao. Ukipata mbegu mpya, jirani anakuja na ndoo ya mbegu zake mnachanganya, ili mavuno yasiwe ya mtu mmoja. Kuikataa ile ndoo ni kumfukuza mtu mlangoni.

Asubuhi ya kupanda, Bi Mwanaidi huyo, ndoo kichwani. Ni jirani wa kupakana, na shamba lake linanyauka vilevile.

Mama akaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante dada, Mungu akuzidishie."

Wakuu, niliishiwa pozi. Sisi kwetu na mama mkwe hubishani mbele za watu, hata kumtazama usoni unaibia. Nikamkonyeza mke wangu, naye akajifanya anamfukuza kuku. Nikaenda kuosha jembe nililokwisha kuliosha.

Kurudi, ndoo tupu. Mama yuko shambani anafukia mbegu huku anaimba. Nilipanda nao siku ile roho inaniuma, kila shimo naliona limeshanyauka.

Mchana tukaitwa kula.

Sufuria kubwa la viazi, vimeungwa kwa karanga, majirani wamejaa na Bi Mwanaidi kakaa mbele. Mama akanipakulia mlima.

"Kula baba. Ndiyo ile ndoo ya dada yangu. Tumechanganya."

Nikatupia jicho jikoni, maganda yote yanaungua kwenye mafiga. Nikamtazama mama usoni, mila zinisamehe. Hakucheka, ila mabega yalikuwa yanatikisika. Nilikula nikaongeza.

Msimu ule shamba lilisimama mpaka likakauka lenyewe kwa kukomaa. Ukipiga jembe, viazi vinatoka vimefuatana kama kuku na vifaranga wake. Mke wangu anacheka, anafuta machozi, anacheka tena. Habari za kuhamia mjini mama hakuzirudia. Alituambia nyie ndio mhamie huku.

Ndoo ya kwanza ya mbegu akanituma niipeleke kwa Bi Mwanaidi. Naye akaipokea kwa mikono miwili, akavigeuza geuza vile viazi, akaniangalia kwa jicho la pembeni.

"Mwambie dada ahsante. Hizi mimi sizipiki."

Nilicheka njia nzima.

Nilichojifunza: kusafisha mbegu kwenye chupa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuipitisha salama katikati ya watu wanaopendana, na hiyo chuoni sikufundishwa.

Haya, mwenye shamba linalonyauka aulize, nitajibu ninachokijua. Na mwenye mama mkwe kama wangu atuhadithie, uwanja ni wenu.