Sanduku la Mwangwi

Juzi nilikuwa stendi ya Singida mjini na mwanangu wa mwisho, tunasubiri gari la kwenda Mtinko. Likapita gari la matangazo lenye vipaza sauti juu, na nyuma yake vijana wanaruka vichwa chini miguu juu. Mtangazaji akawa anaita watu waende uwanjani wakaone sarakasi. Mwanangu akaruka kwa furaha, akanivuta. Nikajikuta nimemkamata mkono kwa nguvu mpaka akalia.

"Mama, unaniumiza!"

Nikamnunulia karanga anyamaze. Sikumweleza kitu, maana bado mdogo. Lakini wewe tumejuana siku nyingi, kwa hiyo keti nikusimulie.

Nililelewa Mtinko kwa bibi mzaa mama, kwenye nyumba ya tembe yenye paa la udongo tulilokuwa tunaanikia mboga. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mtu aliyezoea kupanga foleni dukani kwa ajili ya kipande cha sabuni sasa alikuta gulioni sabuni za kila rangi, mitumba imerundikwa chini kama mavuno, na redio kaseti zinalia kila upande. Kila wiki kulikuja mtu mgeni na kitu kigeni. Sisi watoto tuliona dunia imetufuata nyumbani. Bibi alikuwa anatazama tu na kusema, "Mlango ukifunguliwa haumchagui anayeingia."

Nyumbani tulikuwa mimi, bibi na dada. Dada alikuwa mtoto wa mama mkubwa, na mama mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati wa mvua. Dada alikuwa msichana mkubwa anayekaribia kumaliza shule ya msingi, mrefu, mpole, na alikuwa na sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu mwingine. Wakati wa kupura mtama, wanawake wa jirani walikuja uani kwetu na fimbo zao, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Fimbo zote zilishuka pamoja kwa kumfuata yeye. Vumbi la mtama linawasha shingo, jua linachoma, lakini akiimba dada hakuna aliyekumbuka kuchoka. Wakubwa walikuwa wanasema, "Kaichukua sauti ya mama yake yote." Bibi akisikia hivyo aligeuza uso na kujifanya anapepeta.

Msimu huo, baada ya kuvuna alizeti, upepo ukiwa umeanza kuvuma kama unavyovuma kwetu, lori likaja. Lilikuwa limefunikwa turubai lililofifia rangi. Likasimama kwenye uwanja wa mnada, wakashuka watu wembamba, wakachomeka miti na kuzungushia maturubai. Kiongozi wao alivaa koti la mtumba lenye mikono mirefu iliyomfunika vidole. Tulimwita Mtangazaji, kwa sababu jina lake hakuna aliyeambiwa. Jirani yetu, mzee mwenye redio, alimuuliza wametokea wapi. Akasema Tabora. Mwalimu wetu alipomuuliza, akasema Dodoma.

Sisi watoto tukamkimbilia. "Shikamoo!"

Akatutazama mmoja mmoja. "Shikamoo," akajibu.

Tukacheka, tukidhani anatania. Tukawaamkia na wenzake. Wote wakajibu vilevile: shikamoo, shikamoo, shikamoo, kama ukuta unaorudisha mpira. Nilipomweleza bibi, hakucheka.

"Mtu mzima asiyejua marahaba amelelewa na nani?" akauliza. Kisha akaendelea kuchambua mlenda, lakini niliona mikono yake imepunguza kasi.

Maonyesho yalikuwa ya mchana. Siwezi kusema uongo, walikuwa hodari. Kijana mmoja alijikunja mpaka akaingia ndani ya ndoo. Mwanamke mmoja alimeza moto na kuutoa tena. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Kisha wakaleta sanduku la mbao, kubwa kiasi cha gunia la mtama lililolazwa, limefunikwa kaniki.

"Hili ni Sanduku la Mwangwi," Mtangazaji akasema. "Lipe sauti yako, litakurudishia."

Mzee mwenye redio akakohoa kikohozi chake cha tumbaku. Sanduku likakohoa hivyohivyo. Watu wakavunjika mbavu. Mama mmoja akapiga kigelegele, sanduku likapiga. Mwalimu akasoma jedwali la kuzidisha, na sauti yake ya darasani ikatoka kwenye mbao zile na ule mkwaruzo wake wote. Tukacheka mpaka machozi.

Halafu sanduku likasema jambo ambalo hakuna mtu aliyelitamkia.

"Mwanangu. Mwanangu, uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mama mkubwa. Niliijua. Kila aliyekuwa pale aliijua, kwa sababu kicheko kilikatika uwanja mzima kwa pamoja. Dada aliyekuwa kando yangu akasimama wima.

"Abee, mama!"

Mtangazaji akatabasamu, akashusha kaniki. Maonyesho yakaishia hapo.

Jioni ile bibi alitukalisha jikoni. Alikuwa anasonga ugali wa uwele, na hakutuangalia alipokuwa anasema. "Nimeambiwa. Sasa nisikilizeni. Ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo. Kuitika ni kutoa."

"Lakini alikuwa mama," dada akasema.

"Mama yako nilimfunga sanda kwa mikono hii."

Kesho yake mwalimu alipita nyumbani, akatuambia tusiogope. Alisema ni ufundi tu, wapo watu wanaoweza kusemea tumboni, na ndani ya sanduku lazima amejificha mmoja wao. Bibi akamkaribisha maziwa ya mgando, akamwacha anywe, ndipo akauliza, "Sawa, mwalimu. Na huyo fundi alimsikilizia wapi mwanangu?" Mwalimu akafuta miwani yake.

Tangu siku hiyo nilianza kumshuku kila mtu. Niliwashuku wale wanasarakasi ambao hatukuwahi kuona moshi wa jiko lao. Nilimshuku mzee mwenye redio, kwa sababu alikuwa anaenda kule kila siku na kurudi kimya. Zaidi nilimshuku dada. Alikuwa anachukua ndoo kwenda kuchota maji kwenye mchanga wa mto, na ndoo inarudi kavu. Siku moja nilimfuata. Sikumkuta mtoni. Nilimkuta nyuma ya maturubai, amekaa chini, shavu amelilaza kwenye mbao za lile sanduku, kama mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake. Sanduku lilikuwa linamwita taratibu, na kila likimwita, anaitika. "Abee, mama. Abee. Abee." Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Lakini ile abee ya mwisho haikuwa sauti, ilikuwa pumzi.

Nikakimbia moja kwa moja mpaka kwa bibi. Bibi akamrudisha nyumbani akimshika mkono, na hakumchapa. Alimpa asali na maji ya moto. Haikusaidia. Siku ya kupura iliyofuata wanawake walipanga mstari, wakanyanyua fimbo, wakamngoja aanze. Dada akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama, wala hakikutoka kitu zaidi ya mkwaruzo, kama jani kavu linalokokotwa na upepo. Fimbo zikaanza kushuka hovyo, kila mmoja na wakati wake. Mwishowe wakaziweka chini, wakaenda makwao bila kuaga vizuri.

Tukawa tumekaa uani, mimi na yeye, tunaokota mtama uliorukia pembeni. Upepo ukageuka kutoka upande wa mnada. Ndipo nikasikia ananiita.

"Mdogo wangu! Njoo, mdogo wangu!"

Ilikuwa sauti ya dada, ile yenyewe, nzuri, imejaa. Nikageuza kichwa kumtazama. Alikuwa ananitazama na yeye, midomo imefungwa, punje za mtama zinamdondoka mkononi. Alikuwa amejisikia anaita kutoka kule.

Nakwambia, nimekwisha kuona mambo mengi ya kutisha, lakini macho ya dada ya mchana ule ndiyo yanayonirudia.

Asubuhi yake tulisikia lori linaunguruma. Nilipoamka mkeka wa dada ulikuwa mtupu. Bibi alikuwa amekwisha toka, na fimbo yake ya kupuria mkononi. Nilimkuta njiani anatembea kwa haraka nisiyoidhania, nikamfuata nyuma mpaka mnadani. Ilikuwa siku ya gulio, watu walikuwa wamejaa na kuku wao na madebe ya mafuta ya alizeti. Maturubai yalikuwa yamekunjwa. Sanduku lilikuwa juu ya lori, bila kaniki, na dada ameweka mguu mmoja kwenye ngazi.

"Panda, mwanangu," mama mkubwa alikuwa anasema kutoka sandukuni. "Panda twende. Nimechoka kukaa peke yangu."

Mtangazaji alikuwa amemnyooshea mkono ndani ya ule mkono mrefu wa koti.

Bibi akasimama mbele ya lori. Hakumgusa dada. Aliliangalia sanduku, na kwa Kinyaturu akaliambia, "Kama wewe ni mwanangu, niamkie."

Sanduku likanyamaza. Kisha likasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama."

"Mwanangu hajanipa shikamoo hata siku moja," bibi akasema, sasa kwa Kiswahili ili watu wote wasikie. "Aliniamkia kwa lugha ya nyumbani tangu alipojua kusema, mpaka siku ya kufa kwake. Niamkie kama alivyoniamkia."

Mtangazaji akawa anatazama huku na huku. Halafu, taratibu, sanduku likasema kwa Kinyaturu, "Kama wewe ni mwanangu, niamkie." Lilisema kwa sauti ya bibi mwenyewe, pamoja na ile filimbi ndogo inayopita kwenye pengo la meno yake.

Dada aliposikia bibi anasema kutoka sehemu mbili, akashuka. Alishuka kinyumenyume, mguu unatafuta ardhi, akaja kujificha nyuma ya kitenge cha bibi.

"Nyamazeni wote!" bibi akaamuru. "Mtu asiseme. Mwenye mtoto amzibe mdomo. Msilipe sanduku sauti zenu!"

Sijui kwa nini watu walimtii. Labda wengi wao, kama mzee mwenye redio, walikuwa na mtu wao mle ndani. Gulio zima likanyamaza. Ndipo sanduku likaanza kuita. Likamwita mzee mwenye redio kwa sauti ya mke wake wa kwanza. Mzee akabanwa na kilio, akatia shati mdomoni. Likamwita mama mmoja kwa sauti ya kichanga. Likaita majina, likaomba maji, likacheka, likalia. Nilimwona mwalimu wetu ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kila lilipoita na mtu asiitike, sauti zilizidi kuwa nyembamba, na wale watu wa sarakasi walizidi kukunjamana pale juu ya lori, wameshika vifua kama wenye njaa. Mwisho kabisa likaimba. Wimbo wa kupura, kwa sauti ya dada. Wanawake waliusikiliza wakilia bila kutoa sauti, na hakuna fimbo iliyonyanyuka.

Mtangazaji akapiga bodi ya lori. Likaondoka kuelekea barabara kuu, linaimba, mpaka vumbi likaufunika wimbo.

Jioni bibi hakula. Nilimkuta uani amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Nikamuuliza kama anaumwa. Akanivuta karibu.

"Ilikuwa sauti yake kweli, mjukuu wangu," akasema. "Nilipomwambia aniamkie, nilikuwa naomba Mungu aweze."

Sauti ya dada haikurudi. Waganga walijaribu, hospitali ya mjini walijaribu, wakasema koo halina ugonjwa. Alibaki na ule mkwaruzo mpaka leo. Aliolewa Manyoni, ana cherehani yake na watoto wakubwa, na wateja wake wamezoea kumsogelea karibu anapoongea. Hatujawahi kusikia ile sarakasi imekwenda wapi, ingawa nimeuliza kwa madereva wengi.

Juzi tulipofika Mtinko nilimpitisha mwanangu mahali ilipokuwa tembe yetu. Limebaki tuta la udongo na mbigili. Bibi tulimzika zamani, na wanawake waliopura naye wengi wamemfuata. Mtama sasa wanapura kwa mashine; inanguruma, inamaliza gunia kabla hujakaa, na hakuna anayehitaji kuimba. Uwanja ule wa mnada umejengwa maduka ya simu. Mwalimu yupo, mzee sana, na ukimgusia habari ile anakuuliza hali ya watoto.

Mwaka jana dada alikuja kunitembelea. Tulikuwa tunamenya karanga, tunakumbushana mambo ya utoto, akasimama ghafla na karanga mkononi.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "mimi sikumbuki tena. Sauti yangu ilikuwaje?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Nikaitafuta kote kichwani, kwenye vumbi la mtama, kwenye jua, kwenye ule mstari wa fimbo zinazoshuka pamoja. Niliwaona wote wanaimba, midomo inafunguka na kufumba, na sikusikia chochote.