Msichana Niliyemwazima

Afisa michezo aliponipigia simu kuniomba nije Kasulu kuzungumza na makocha wa shule, nilimwuliza mara mbili kama hajakosea namba. Nimestaafu ualimu, magoti yangu yanalia kila ninapoinuka, na filimbi yangu mjukuu ameshaipoteza. "Tunataka uzoefu wako, Mwalimu," akasema. "Nusu saa tu. Uwape siri ya ushindi." Hilo neno siri lilinikera, lakini nilikubali. Hata mzee aliyechoka anapenda kuitwa.

Niliandika kurasa sita. Mke wangu alikuwa anachambua maharage upande wa pili wa meza, akanitazama nikiandika weee, mwisho akauliza, "Utawaambia na habari ya yule binti?"

Nikamjibu kwamba nimeitwa kuzungumzia mpira wa kikapu.

"Kwani yeye alikuwa anacheza bao?"

Nikafunga daftari nikatoka nje, nikajifanya naangalia kuku.

Ukumbini tulikuta chai na mihogo ya kuchemsha. Makocha walikuwa kama thelathini, walimu wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, wengi wao vijana ambao wangeweza kuwa wanafunzi wangu, na wachache walikuwa kweli. Kijana mmoja kutoka shule ya upande wa Kakonko akaja kukaa karibu nami na kikombe chake. Akaniamkia vizuri, kwanza shikamoo, kisha mwakeye, salamu ya kwetu Waha. Nikampenda papo hapo. Alikuwa na macho ya mtu anayelala akiwaza mpira.

"Mzee, wiki ijayo pale Kibondo mtatukoma," akasema kwa sauti ya chini. "Mwaka huu nimeazima mmoja. Wa kambini. Huyo binti akirusha, wewe rudi tu nyuma kulinda, usisubiri kuona kama imeingia."

Akacheka. Nikacheka naye, kwa mazoea tu, kisha nikaweka kikombe chini.

Asiyekuwa kocha kwetu huenda hajui neno hilo. Kuazima ni kumtoa mchezaji mahali pengine ukamchezesha kwa fomu ya mwanafunzi wako. Wengine huita mamluki, ila sisi tulipenda kuazima, kwa sababu linasikika kama jambo la majirani: unachukua sufuria ya mwenzio siku ya shughuli, unairudisha Jumapili imeoshwa. Nimeona fundi baiskeli mwenye ndevu akicheza kama mwanafunzi wa kidato cha pili, na sisi makocha wote tumenyamaza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake. Tulitaniana kwa hilo. Mimi nilikuwa bingwa wa kutania.

Nikaitwa mbele. Nikaanza na kurasa zangu sita, na zilikwenda vizuri. Niliwaambia warekebishe goli kabla ya kuomba mipira mipya, maana duara lililopinda humzoeza mtoto kurusha ovyo, na kumwondolea hilo baadaye ni kazi ya miaka. Niliwaambia kwamba kwenye viwanja vyetu vya udongo mpira ukigonga kokoto unaenda unakotaka wenyewe, hivyo timu zangu zilipiga pasi nyingi na kudunda kidogo. Niliwaambia wasimwite mtoto mzembe kabla hawajajua amekula nini asubuhi. Kalamu zilikuwa zinakimbia. Kijana wa Kakonko aliandika kuliko wote, kiasi kwamba ulimi ulimtoka pembeni ya mdomo.

Kisha mwalimu mmoja wa kike akanyoosha mkono. "Mwalimu, tueleze ule mwaka wasichana wako walipochukua kombe kule Kibondo. Tangu hapo hakuna shule ya Kasulu iliyorudia. Mlifanyaje?"

Ukumbi ukapiga makofi kidogo. Nikatazama ukurasa wangu wa sita, ambao ulizungumzia viatu. Nikamtazama kijana wa Kakonko, kalamu yake ikiwa tayari. Nilijua nikisema nilichozoea kusema, kwamba tulifanya mazoezi kwa nidhamu, wiki ijayo yeye ataingia uwanjani na binti wa watu mkononi kama nilivyoingia mimi. Nikawaambia wakae vizuri.

Mwaka ule sikuwa na mrushaji. Nilikuwa na wasichana wenye mbio na wenye roho, lakini mpira ukifika chini ya goli wanautazama kana kwamba umewatukana. Ndipo shirika moja likaniomba nikafundishe vijana kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa siku tatu, na huko nikamwona. Mkongomani, mwembamba, anatumia mkono wa kushoto. Alifundishwa na baba yake kabla hawajakimbia. Alirusha mpira kutoka mbali bila kukunja uso, ukaingia, akaufuata, akarusha tena. Nilisahau kilichonipeleka.

Kwenye timu yangu kulikuwa na msichana mrefu wa Titye ambaye mama yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji, naye akaitwa nyumbani kusaidia kazi. Fomu yake ilikuwa mezani kwangu, imejazwa, imegongwa muhuri. Nikabandua picha yake nikabandika ya yule Mkongomani. Muhuri ulikuwa umepita nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi, kwa hiyo ile nusu iliyoondoka na picha niliichora upya kwa kalamu ya wino wa bluu. Nilichora vizuri. Niliionyesha ofisini kwa walimu wenzangu, tukacheka.

Kutoka kambini kunahitaji kibali, naye hakuwa nacho. Alitoka alfajiri na wanawake wanaokwenda kutafuta kuni, mimi nikamsubiri barabarani. Mama yake nilikuwa nimemwona siku mbili kabla. Hakupenda. Alinitazama muda mrefu, akasema binti yake hana kitu kingine cha kumfurahisha, basi aende, lakini nimrudishe kama alivyo. Nikamwapia.

Kibondo kulikuwa kumenyesha manyunyu usiku. Uwanja ulikuwa unateleza, na nguzo za magoli zilikuwa magogo ya mkaratusi yasiyofungwa hata gunia. Alicheza vizuri mno. Watu walilishika jina la yule wa Titye wakaliimba, naye kila akilisikia aligeuka akichelewa kidogo, kisha anatabasamu. Robo ya nne akaruka kufuata mpira, mguu ukateleza, akaangukia kiwiko cha kushoto kwenye shina la nguzo. Niliusikia mgongano nikiwa kwenye benchi.

Nilikimbia kwake. Nikamwuliza, "Unaweza?" Akasema anaweza. Kila kocha aliye hapa, niliwaambia, anajua mtoto hujibu nini kwa swali hilo. Nilimwacha uwanjani. Zilikuwa zimebaki dakika tatu, tunaongoza kwa pointi moja, na wapinzani walikuwa hawajajua kwamba hawezi tena kurusha. Walimkaba wawili wawili, wenzake wakapata nafasi. Hiyo ndiyo siri ya ushindi mliyoniitia.

Hospitali tulifika kiwiko kimevimba kama boga. Nesi akachukua kalamu. Binti akanivuta shati. "Kocha, batanipima ku jina ya nani?"

Nikamwambia la kwenye fomu.

Mganga akasema mfupa umevunjika karibu na kiungo na umehama. Wakaurudisha mahali pake. Sitaki kueleza kilio kile. Wakamfunga hogo, plasta ile ngumu, kuanzia karibu na bega hadi kwenye kiganja, wakasema arudi baada ya wiki moja wapige picha nyingine, na hogo lisiguswe kwa muda usiopungua wiki nne. Karatasi zote zikaandikwa jina la msichana wa Titye.

Tukalala hapo, na kesho yake asubuhi tukaanza safari ya kurudi, na hapo ndipo akili ilipoanza kunifanyia hesabu. Akiingia kambini na hogo, wataulizana nani amelifunga. Wakijua ni nje, watauliza alitokaje bila kibali, atapata matatizo, na mama yake pia. Kisha watanifikia mimi, fomu, muhuri wangu wa wino wa bluu, na kombe. Nimejaribu kwa miaka kujiambia kwamba nilimfikiria yeye kwanza. Sikumfikiria yeye kwanza.

Kabla ya kufika kambini nikasimamisha gari. Nikaomba ndoo ya maji kwenye nyumba moja ya jirani, nikalilowesha lile hogo, nikalikata kwa kisu cha kumenyea mihogo. Wachezaji wenzake walikuwa ndani ya gari na kombe, nyimbo zimekoma. Yeye hakulia tena. Nikamfundisha la kusema: aliteleza bombani akichota maji. Akalirudia mara mbili ili nisikie kama analisema sawasawa.

Nesi wa zahanati ya kambi hakuwa na kosa. Aliambiwa mtoto ameteleza leo asubuhi, akaona uvimbe, akafunga bandeji, akatoa dawa za maumivu. Angejuaje kwamba ndani kuna mfupa uliorudishwa jana na sasa hauna wa kuushika? Mfupa ukahama tena, ukaungia huko ulikohamia.

Nilimwona miezi minne baadaye. Alinipa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umekunjika tumboni kama wa mtu aliyebeba kitu. Hauendi mbele wala hauendi nyuma. Aliniambia, "Mama hapendi nikuongeleshe, kocha. Lakini ile kombe iko wapi sasa?" Nikamwambia iko ofisini kwa mkuu wa shule, kwenye kabati la kioo. Akatikisa kichwa kuonyesha amefurahi. Mpaka leo natamani angenitukana.

Nikawaambia makocha kwamba sina siri nyingine. Mwenye mtu wa kuazima amrudishe leo kwao, tena kabla ya chakula cha mchana. Timu ikifungwa, ifungwe. Nikakaa.

Nilidhani maneno yamewaingia. Kisha afisa michezo akasimama, akasafisha koo, akasema hakika mzee wetu ametupa simulizi ya kugusa, na akaomba tumpigie makofi matatu ya kilo. Wakanipigia makofi matatu ya kilo.

Tulipotoka kwenda kula wali, kijana wa Kakonko akanikimbilia. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilifarijika kuyaona hivyo.

"Mzee, asante. Umenisaidia sana, kweli tena," akasema. "Kumbe kosa lilikuwa kulivua lile hogo." Akanionyesha daftari, na kweli alikuwa ameandika, amepigia mstari chini. "Ungemficha kwa mtu pale mjini wiki nne, ungemrudisha amepona. Mimi nina dada yangu Kibondo. Ikitokea, nitamweka kwake."

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ambayo mzee hapaswi kumwambia kijana mbele ya watu wenye sahani. Akainamisha kichwa, akasema, "Nitaangalia, mzee." Hilo ndilo jibu tunalolitoa tunapokuwa tumeshaamua.

Ningeweza kumfuata afisa nimtajie shule. Nilifika hadi mlangoni kwake. Lakini niliijua njia ya habari hizo: wa kwanza kuitwa na kuulizwa kibali angekuwa binti, na kocha angeandikiwa barua. Nikarudi. Hadi leo sijui kama ilikuwa busara au ule ule uoga wangu wa barabarani umevaa nguo nyingine. Mke wangu nilipomweleza alinisogezea chai.

Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda Kibondo. Hakuna aliyenialika. Sasa uwanja una sakafu ya saruji, na nguzo ni za chuma. Timu ya kijana yule ikaingia, wasichana kumi na wawili wenye jezi za kijani, kila mmoja na fomu yake yenye picha na muhuri. Yeye aliniona, akatazama pembeni.

Nilitafuta mrushaji wa kutisha. Walikuwa wawili waliorusha vizuri, labda watatu. Nikasikiliza wanavyoitana, nikasikiliza kama kuna anayegeuka akichelewa, lakini kelele zilikuwa nyingi na wote walikuwa watoto tu, wanacheka, wanafunga kamba za viatu. Huenda alimrudisha. Huenda alikuwa mmojawapo mbele yangu. Kila mmoja wao alipoanguka, nilisimama. Robo ya pili namba kumi akateleza chini ya goli, akaangukia mkono, nikajikuta nimeshavuka kamba ya watazamaji kabla refa hajapuliza filimbi.

Yule msichana akainuka mwenyewe, akaipangusa suruali yake. Mtu wa nyuma akanivuta koti. "Mzee, kaa chini bwana, hajaumia huyo."

Nilimwuliza amejuaje.